Bunduki Nyumbani: Kifaa Kipi ni Chako, Kipi ni cha Fundi

Wenye leseni za bunduki za kuwindia na za kulinda mashamba huuliza mengi, lakini swali moja siku hizi limekuwa likirudi kila mara: nikinunua vifaa vizuri, kwa nini nisiunganishe au kutengeneza bunduki mwenyewe hapa nyumbani? Swali hili halina ubaya. Mtu aliyezoea kufungua pikipiki yake na kuirudisha ikawaka anaiona bunduki kuwa mashine kama nyingine.

Sheria inaruhusu kuunganisha bunduki nyumbani?

Kwa raia wa kawaida Tanzania na Kenya, hapana. Leseni uliyopewa ni ya kumiliki silaha iliyoandikwa humo kwa aina na namba yake. Haikupi ruhusa ya kuunda nyingine, wala ya kununua mtutu huku na kitako kule ukavikutanisha mezani. Tanzania jambo hili linasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Juu ya hizo ipo Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Itifaki hiyo imeweka kuunganisha vipande katika fungu moja na kutengeneza: ukifanya bila kibali, au silaha isipopigwa alama wakati wa kuundwa, huo ni utengenezaji haramu. Kwa hiyo kusema “sikuitengeneza, niliiunganisha tu” hakumwokoi mtu.

Mbona kwenye video Wamarekani wanaunganisha sebuleni?

Kwa sababu sheria yao ni nyingine. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968 inamtaka anayetengeneza silaha kwa biashara awe na leseni. Raia asiyezuiwa kumiliki bunduki anaweza kujiundia yake bila leseni hiyo. Hata hivyo majimbo hayafanani. California, kwa mfano, inataka silaha ya namna hiyo iombewe namba. Mwezi Machi 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliunga mkono kanuni ya mwaka 2022 inayoruhusu baadhi ya maboksi ya vipande vya kuunganisha yahesabiwe kuwa silaha kamili. Ndugu zetu wanaoishi huko waulize sheria ya jimbo lao kabla ya kuagiza chochote. Walioko Uingereza wajue kwamba hata mtutu peke yake unaweza kuhitaji cheti. Video haikuambii haya, inakuonyesha bisibisi tu.

Tuache sheria. Hatari yenyewe ni ipi?

Ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa paundi 30 na ushei kwa inchi ya mraba. Risasi ya .30-06, inayotumiwa sana na wawindaji, ikilipuka ndani ya chemba huzaa msukumo unaofika paundi 60,000 kwa eneo hilo hilo, sentimita chache kutoka shavuni mwa mpigaji. Chuma cha mtutu kilichaguliwa na kupimwa kwa ajili ya mzigo huo. Bomba la maji halikupimwa hivyo, na ndiyo maana magobore ya kuchomelea huwaharibu mikono na macho wenye kuyatumia.

Kuna na jambo dogo lisiloonekana. Kati ya uso wa boliti na kitako cha risasi iliyokaa ndani ya chemba pana nafasi finyu sana. Ikizidi kipimo, ganda hutanuka, hupasuka, na gesi ya moto hurudi nyuma. Nafasi hiyo haipimwi kwa jicho, wala kwa kusikiliza boliti ikifunga vizuri. Hupimwa kwa geji maalumu za aina ile ile ya risasi, na anayezisoma ni fundi mwenye leseni. Ukibadilisha boliti au mtutu, kipimo kinaanza upya.

Basi mwenye bunduki aweke vifaa gani nyumbani?

Vya kusafishia na kukagua. Chochote kinachokata, kinachotoboa, kinachochomelea au kinachong’oa mtutu ni cha fundi.

Anza na ufito wa kusafishia. Nunua wa kipande kimoja, wa shaba nyeupe au uliofunikwa plastiki, unaolingana na kipenyo cha mtutu wako. Ule wa vipande vitatu vya kufunga kwa skrubu ni rahisi kubeba, lakini hupinda, na maungio yake hukwaruza mistari ya ndani. Brashi iwe ya shaba, maana ya chuma cha pua huweza kuula mtutu. Kama boliti inatoka, sukuma ufito kutoka upande wa chemba kuelekea mdomoni. Mdomo wa mtutu ndio mahali pa mwisho risasi inapogusa chuma, na ukingo wake ukilika kidogo tu, shabaha inapotea na huwezi kujua ni kwa nini.

Weka vitambaa vya pamba, dawa ya kuyeyushia masizi, na mafuta mepesi ya bunduki. Mafuta yawe kidogo: yakizidi hushika vumbi na kuganda. Kabla ya kwenda kupiga, pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu, kwa maana mafuta yaliyobaki humo huongeza msukumo. Wanaoishi Tanga, Mtwara, Lamu au popote hewa ya chumvi inapofika wafute chuma mara kwa mara, na wasiiache bunduki ndani ya mfuko wa ngozi au sponji. Mfuko hunyonya unyevu na kutu huanza upande usioutazama.

Bisibisi nayo ichaguliwe. Zile za dukani zina ncha iliyochongoka kama kabari, nazo hula mdomo wa skrubu. Tafuta yenye ncha iliyonyooka inayojaza mfereji wote. Skrubu za darubini hukazwa kwa kipimo alichoandika mtengenezaji, kwa bisibisi yenye kupima nguvu. Mkono hukaza kupita kiasi.

Kabla ya kugusa kifaa chochote: toa magazini, fungua boliti, tazama ndani ya chemba, kisha ingiza kidole uhakikishe. Risasi zikae chumba kingine, na watoto wakae mbali.

Marehemu baba aliacha gobore. Nifanyeje?

Leseni hairithiwi pamoja na mali. Usilifungue, usijaribu kulitoa baruti, usilitembeze barabarani. Toa taarifa polisi, au kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, upewe utaratibu. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kila mwaka hadi 2030 kuwa mwezi wa kusalimisha silaha kwa hiari, na Jeshi la Polisi Tanzania limekuwa likitangaza msamaha katika mwezi huo kwa wanaojitokeza wenyewe. Lakini usingoje Septemba kama silaha iko chini ya kitanda wanacholalia wajukuu.

Nimpate wapi fundi?

Uliza polisi walioshughulikia leseni yako wakuelekeze kwa aliyeidhinishwa. Nenda na leseni, acha risasi nyumbani, na usiondoke pale bila stakabadhi iliyoandikwa namba ya bunduki, tarehe, na kazi inayofanywa.