Miwani ya Jua ya Zamani: Fremu Tupake Rangi, Vioo Tuvilinde



Sisi wa Nzuguni tunalijua jua. Mvua zikiisha, miezi inapita bila tone. Upepo unavuma na vumbi linapanda. Ukisimama saa saba mchana karibu na kituo cha mabasi, au kwenye viwanja vya Nanenane, utaona watu wengi wamefinya macho.

Wachache wana miwani ya jua. Wengi wao wameinunua kwenye mitumba, au wamepewa. Baada ya muda fremu ya plastiki inapauka na kukwaruzika. Mkono mmoja unafungwa kwa waya. Mwisho mwenyewe anaona aibu kuivaa, anaitupa jalalani.

Katika somo hili tutajifunza kuifanya fremu hiyo ipendeze tena, hapa hapa nyumbani. Tutajifunza pia jambo kubwa zaidi: fremu ni ya kupendeza, lakini kioo ndicho kinacholinda jicho.

MAMA, MTOTO NA MJOMBA

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Mtoto wake wa kiume yuko darasa la tatu. Mtoto huyu ana ualbino. Macho yake hayana rangi ya kutosha ya kuzuia mwanga, kwa hiyo jua linamuumiza sana. Alipewa miwani ya jua iliyokwisha tumika. Vioo ni vizima, lakini fremu imechakaa. Wenzake wanamcheka: "Babu kaja! Babu kaja!" Basi mtoto akifika njiani anaivua na kuificha kwenye mkoba.

Siku moja mwalimu alimwambia mama, "Mwanao anakuja shule bila miwani. Mchana hawezi hata kutazama uwanjani."

Mama alirudi nyumbani na mawazo. Kaka yake, mjomba wa mtoto, akasema:

"Dada, lete hiyo miwani. Tuisugue kwa petroli uchafu utoke. Halafu tuipake rangi nyeusi yote."

"Kaka, petroli si itaiharibu?"

"Aa, petroli inatoa kila kitu, dada."

"Ngoja kwanza. Nikamuulize fundi."

Jirani yao ni fundi wa kupaka rangi pikipiki. Mama alibisha hodi.

"Mbukwa, fundi."

"Mbukwa, mama. Karibu."

Mama alieleza shida yake. Fundi hakusema neno. Aliokota kipande cha miwani iliyovunjika, akakidondoshea thina. Wakasubiri kidogo. Plastiki ikawa nyeupe na kunata kama ulimbo.

"Umeona, mama? Na kioo cha miwani ya mwanao ni plastiki vilevile. Kikipata hii kinakuwa na ukungu, hakioni tena. Mwambie kaka, petroli aiache kwenye pikipiki."

JUA LETU LINA NINI?

Mwanga wa jua una miale tunayoiona na miale tusiyoiona. Baadhi ya miale tusiyoiona inaitwa urujuanimno. Hiyo ndiyo inayochoma ngozi. Ikiingia machoni miaka mingi, inachangia ugonjwa wa mtoto wa jicho, na kile kinyama kinachoota juu ya jicho.

Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000, miale hiyo inaongezeka kwa kama asilimia 10. Maana yake, mtu wa Nzuguni anapata miale mingi kidogo kuliko mtu wa Dar es Salaam, hata kama yeye anasikia joto kidogo. Joto na miale ni vitu viwili tofauti. Miale ni mikali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni.

PIMA VIOO KWANZA

Watu wengi wanadhani kioo cheusi sana ndicho kizuri. Sivyo. Kinachozuia urujuanimno hakionekani kwa macho. Kioo cheusi kinaweza kuupitisha, na kioo cheupe kinaweza kuuzuia. Tena gizani mboni ya jicho hupanuka. Kama kioo ni cheusi lakini hakizuii, mlango umefunguliwa kwa mwizi.

Kipimo kizuri kipo kwenye baadhi ya kliniki za macho na maduka ya miwani. Wana mashine ndogo ya kupimia vioo. Kama miwani ina maandishi "UV400", maana yake mtengenezaji anasema vioo vinazuia miale hiyo. Lakini maandishi mtu yeyote anaweza kuyabandika.

Kuna kipimo cha kukisia hapa mtaani. Wafanyabiashara wengine wana taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti. Mwombe akusaidie. Mahali penye kivuli, mulika karatasi nyeupe ya daftari. Karatasi itang'aa kwa rangi ya buluu. Sasa weka kioo cha miwani kati ya taa na karatasi. Mng'ao ukizimika, kioo kinazuia. Ukibaki, kioo hakizuii. Usiitazame taa yenyewe, na usimmulike mtu machoni.

Vioo vikishindwa kipimo, au vikiwa na mikwaruzo mingi, usipoteze rangi yako.

VIFAA

1. Sabuni, maji ya vuguvugu na kitambaa safi laini.
2. Bisibisi ndogo.
3. Msasa laini, namba 400 na namba 600.
4. Utepe wa karatasi wanaoutumia mafundi rangi.
5. Rangi ya kopo la kupuliza inayofaa plastiki.
6. Boksi tupu la katoni na kipande cha waya.

Soma kopo kabla ya kununua. Kama lugha ya kwenye kopo huijui, mwombe muuzaji akusomee. Uliza: Je, inashika plastiki? Je, ina madini ya risasi? Risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri risasi ndani ya rangi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni moja. Kama muuzaji hana jibu, tafuta duka lingine.

HATUA ZA KAZI

Kwanza, osha. Tumia sabuni na maji ya vuguvugu. Usitumie maji ya moto, fremu itapinda. Usitumie petroli, thina, wala dawa ya kutolea rangi ya kucha. Miwani ya mitumba lazima ioshwe hata kama huipaki rangi. Magonjwa ya macho kama vikope huambukizwa kwa uchafu wa macho unaobaki kwenye mikono na vitambaa.

Pili, ondoa vioo. Kama kuna skrubu, legeza. Kama hakuna, loweka fremu dakika chache kwenye maji ya vuguvugu, kisha sukuma kioo polepole kwa vidole gumba kutoka nyuma. Kikikataa, usitumie nguvu. Kiache, ukifunike chote kwa utepe pande zote mbili. Vioo vilivyotoka vifunge ndani ya kitambaa. Andika "kulia" na "kushoto". Hapo ndipo kusoma na kuandika kunapokusaidia.

Tatu, piga msasa. Lowesha fremu, usugue kwa namba 400, malizia kwa namba 600. Fremu ikiwa imelowa, vumbi la plastiki haliruki na hutalivuta. Sugua mpaka mng'ao uishe. Rangi haishiki juu ya kitu kinachoteleza. Suuza, acha ikauke.

Nne, funika pasipopakwa. Bawaba zisipakwe, zitaganda. Upande wa ndani unaogusa pua, mashavu na masikio usipakwe. Jasho linalainisha rangi, na ngozi inaweza kuwasha. Paka upande wa nje tu.

Tano, jaribu. Pulizia kidogo kwenye ncha ya mkono wa miwani, usubiri saa moja. Plastiki ikinata au ikikunjamana, rangi hiyo haifai.

Sita, paka. Fanya kazi nje, asubuhi na mapema kabla upepo haujaanza. Laza boksi kwa ubavu, ning'iniza fremu ndani kwa waya. Boksi linazuia vumbi letu la Dodoma. Shika kopo mbali na fremu, kama urefu wa rula ya shule, yaani sentimita 30. Pulizia kidogo kidogo. Subiri kama dakika 20, au kama kopo linavyoagiza, urudie. Mikono mitatu myembamba ni bora kuliko mmoja mnene unaochuruzika.

Saba, subiri. Acha fremu siku mbili kivulini. Usiianike juani. Kisha rudisha vioo, kaza skrubu.

Watoto wakae mbali wakati wa kupuliza. Funga kitambaa puani. Usipulizie karibu na jiko wala sigara, kwa sababu rangi hiyo inashika moto. Kopo tupu usilitupe motoni, litalipuka.

MAPAMBO BILA RANGI

Huna pesa ya kopo? Chukua uzi wa kufumia wa rangi uipendayo. Uzungushe kwenye mkono wa miwani, mzunguko mmoja karibu na mwingine, ufunge fundo. Wanaojua kutunga shanga wanaweza kuzishona juu ya uzi huo. Ziweke kwenye mikono tu, zisikae mbele ya jicho. Kwa mtoto, funga ukanda wa nguo nyuma ya kichwa ili miwani isianguke akicheza.

TUFANYE HESABU

Tuseme kopo la rangi ni shilingi 8,000, msasa shilingi 1,000, na utepe shilingi 1,000. Jumla ni shilingi 10,000. Ni nyingi kwa fremu moja. Lakini kopo moja linatosha fremu kadhaa. Kaya nne zikishirikiana, kila kaya inatoa shilingi 2,500.

MIWANI ISICHOWEZA KUFANYA

Miwani ya jua haivaliwi usiku, hasa kwa waendesha bodaboda. Haitumiki kutazama jua. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa, na watu wakakusanyika Rujewa mkoani Mbeya kulitazama, ilihitajika miwani maalumu. Hii ya kawaida haitoshi.

Kwa mwenye ualbino, miwani peke yake haitoshi. Avae kofia pana na nguo za mikono mirefu. Darasani akae mbele, kwa sababu mara nyingi hawaoni mbali. Apelekwe pia kliniki ya macho.

TURUDI KWA YULE MAMA

Mama alivipima vioo, vikafaulu. Mjomba ndiye aliyepiga msasa. Mtoto mwenyewe ndiye aliyechagua rangi. Alitaka buluu. Shangazi alimzungushia uzi mwekundu kwenye mikono ya miwani.

Jumatatu mama alimsindikiza mpaka karibu na shule, akasimama. Mtoto alipita getini amevaa. Mwenzake mmoja akamkimbilia, akauliza, "Hiyo umenunua wapi?"

"Tumetengeneza nyumbani."

Mtoto hakuivua. Hiyo ndiyo ilikuwa shabaha ya kazi yote. Miwani iliyofichwa kwenye mkoba hailindi jicho la mtu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mama hakukubali petroli?
2. Je, kioo cheusi sana ni lazima kiwe kizuri? Eleza.
3. Kwa nini upande wa ndani wa fremu haupakwi rangi?
4. Kaya tano zikichanga shilingi 10,000 sawasawa, kila moja itatoa kiasi gani?
5. Mtaani kwako kuna mtoto anayeumizwa na jua? Mzungumze: mtamsaidiaje?