UMEKUTA KITU CHA UKUMBUSHO NYUMBANI? USIKIFUE, USIKIKATE, SOMA HAPA KWANZA

Somo la leo ni vitu vya ukumbusho ambavyo havijawahi kutumika. Vimejaa kwenye masanduku ya bibi zetu na vinauzwa bei ya mtumba kwa sababu ya haraka tu.

Mfano ninao. Bibi yangu wa Butiama ametoa doti ya khanga yenye picha ya Mwalimu Nyerere na miaka 1922–1999. Haijakatwa, haijapindwa, bado ngumu kama imetoka dukani jana. Bibi anataka hela ya miwani, maana hata namba za simu hazioni tena. Shangazi akasema tuikate, kipande kimoja kiuzwe, kingine kibaki nyumbani. Nikaomba wanipe siku tatu. Nilifanya hivi:

1. Niliiacha ilivyo. Khanga ikifuliwa ule ugumu wa kiwandani unaondoka na haurudi. Ikikatwa si doti tena, ni vipande viwili. Harufu ya dawa ya nondo niliitoa kwa kuianika kivulini, si juani, jua linapausha rangi.

2. Nilihakikisha mwenye mali amekubali. Babu ndiye aliyeinunua, na ni marehemu. Nilimuuliza bibi mbele ya shangazi na baba mdogo. Bibi akasema, "Babu yenu namkumbuka bila kitambaa. Uzeni, lakini nzima." Bila kauli hiyo nisingeposti. Hela ya khanga inaisha, ugomvi wa ukoo hauishi.

3. Nilitenganisha ninachojua na ninachoambiwa. Hapa wengi wanateleza. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 akazikwa Butiama. Lakini mwaka ulioandikwa kwenye kitambaa ni mwaka wa tukio, si lazima uwe mwaka wa kuchapwa. Khanga ya 1922–1999 inaweza kuchapwa hata miaka kumi baadaye. Kwa hiyo niliandika: "Mwenye mali anasema ilinunuliwa wakati wa msiba." Sikuandika "orijino ya 1999". Mnunuzi wa vitu hivi anajua kuuliza, ukidanganya mara moja umekwisha.

4. Nilipiga picha tano mchana, mlangoni: doti nzima, maandishi ya jina, pindo, mwandiko mdogo wa pembeni, na doa dogo la kutu. Doa nililiweka mimi mwenyewe kabla sijaulizwa.

5. Bei sikukurupuka. Doti mpya dukani kwangu ni 14,000, hiyo nikaifanya sakafu. Wa kwanza alitaka kuivaa, akatoa 20,000. Nikamshukuru, nikasubiri. Anayevaa na anayekusanya ni wateja wawili tofauti. Khanga ni kumbukumbu kweli, hata British Museum ya London ilionyesha khanga zetu mwaka 2013. Siku ya tatu mkusanyaji wa Mwanza akalipa 90,000. Miwani ya bibi ikapatikana Musoma na chenji ikabaki.

6. Mzigo ulitoka baada ya hela kuingia. Nikaufunga kwa karatasi safi, juu nailoni, nikaupeleka stendi ya Bunda, nikamtumia picha ya risiti na namba ya basi.

Je, ulichokuta ni chupa ya bia ya ukumbusho ambayo haijafunguliwa? Kanuni ni zilezile, ila ongeza hizi. Usiifungue, lakini usimwambie mtu ni ya kunywa. Bia nyingi haziboreki kwa kukaa, na tarehe yake imeshapita. Pia kuuza pombe kunahitaji leseni. Thamani iko kwenye chupa, lebo na kizibo. Iweke wima, gizani, mbali na joto. Lebo usiisugue kwa maji, futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Kwenye picha onyesha kimiminika kimefika wapi shingoni, na kizibo kama kina kutu.

Kazi ya wiki hii: muombe bibi au mama akuonyeshe sanduku lake. Kabla ya kuuliza bei ya kitu, uliza kilifikaje nyumbani, na uandike jibu lake neno kwa neno. Hayo ndiyo maelezo ya bidhaa yako.

Biashara njema.