Bomba Lililochorwa kwa Chaki: Michoro ya Kiwanda cha Kemikali

Mhandisi anayebuni kiwanda cha kemikali hachori mchoro mmoja bali mingi, na kila mmoja hujibu swali lake. Wanafunzi wengi hudhani kwamba mchoro wenye mambo mengi zaidi ndio bora. Sivyo. Kila mchoro huacha mambo fulani kwa makusudi, na hatari huanza pale mtu anaposahau ni yapi yaliyoachwa.

Mfano ufaao ni wa kiwanda kilichokuwa Flixborough, Uingereza, kilichotengeneza kaprolaktamu, ambayo ni mali ghafi ya nailoni. Hatua moja ya kazi hiyo ilikuwa kupitisha hewa katika saikloheksani, kimiminiko kinachowaka upesi kama petroli, katika halijoto ya nyuzi 155 hivi za sentigredi na kanieneo ya kilogramu 8.8 kwa kila sentimita ya mraba. Matangi sita ya mmenyuko yalipangwa kama ngazi, kila moja likiwa chini ya lililotangulia kwa sentimita 35 hivi, ili kimiminiko kiteremke chenyewe kutoka tangi hadi tangi.

Mchoro wa kwanza wa mtambo kama huo ni wa visanduku tu: kisanduku kimoja kwa kila hatua, na mishale ya kinachoingia na kinachotoka. Humo hulinganishwa tungamo, kwani kilichoingia hakina budi kutoka au kubaki ndani. Wa pili ni mchoro wa mtiririko. Visanduku hugeuka kuwa matangi, pampu na vyombo vya kupashia joto, na kila mkondo hupewa namba, wingi, halijoto na kanieneo yake. Wa tatu, ambao mafundi huutumia kila siku, ni mchoro wa mabomba na vyombo vya kupimia. Huu huonyesha kila bomba na kipenyo chake, kila vali na kila kipimo. Chombo cha kupimia huwa duara lenye herufi zitokanazo na maneno ya Kiingereza: T ni halijoto, P kanieneo, F mtiririko, L kimo cha kimiminiko. Herufi zinazofuata hueleza kazi: I huonyesha, C hurekebisha. Hivyo duara lenye TIC ni chombo kinachoonyesha na kurekebisha halijoto.

Lakini hata mchoro huo wa tatu hauchorwi kwa skeli. Matangi yaliyo mbalimbali huweza kuwekwa karibu karibu, na bomba lenye pembe nne likawa mstari ulionyooka. Atakaye kujua mwinuko, mikunjo na maegemeo ya bomba sharti afungue michoro ya mpangilio wa mabomba, yenye vipimo kamili.

Mwezi Machi 1974 tangi la tano la Flixborough lilionekana lina ufa ubavuni. Liliondolewa, na likafungwa bomba la muda kutoka tangi la nne hadi la sita ili kazi isisimame. Katika mchoro wa mtiririko badiliko hilo ni dogo kabisa: futa tangi moja, piga mstari. Lakini tangi la sita lilikuwa chini zaidi, kwa hiyo bomba lilibidi kukunjwa mara mbili. Kipenyo chake kilikuwa inchi 20, ilhali midomo ya matangi ilikuwa ya inchi 28, na kila ncha iliungwa kwa kiungo chenye mikunjo kama ya mvukuto wa mhunzi. Tume ya uchunguzi ilikuta kwamba mchoro pekee wa badiliko hilo ulikuwa wa chaki, sakafuni mwa karakana. Nguvu ya bomba ilikadiriwa kana kwamba limenyooka.

Hesabu iliyokosekana si ngumu kwa mwanafunzi wa sekondari. Kani ni kanieneo mara eneo. Mdomo wenye kipenyo cha inchi 28, yaani sentimita 71, una eneo la sentimita za mraba 3,960 hivi. Zidisha kwa 8.8: msukumo ni karibu tani 35 kila upande. Bomba likinyooka, misukumo hiyo miwili hukabiliana na kumalizana. Likikunjwa, misukumo haipiti mstari mmoja, bali hujaribu kulipindua bomba. Na mvukuto, ulioumbwa ili unyumbuke, hauwezi kuizuia. Chini ya bomba palikuwa na jukwaa la vyuma vya muda tu. Jaribio lililofanywa kabla ya kuwasha mtambo lilifika kilogramu 9, ilhali vali ya usalama ilipangwa kufunguka kwenye 11.

Bomba hilo lilidumu miezi miwili. Jumamosi tarehe 1 Juni 1974, saa kumi na moja kasoro dakika 7 za jioni, kwa mujibu wa tume, liliachia. Wingu la mvuke wa saikloheksani lilitanda na kulipuka. Watu 28 walikufa, 18 kati yao wakiwa katika chumba cha kuongozea mtambo. Kama ingekuwa siku ya kazi ya kawaida, wangalikuwapo wengi zaidi.

Katika viwanda vyenye utaratibu mzuri, badiliko la bomba huanzia mezani siku hizi. Mchoro wa tatu hurekebishwa kwanza, hupewa namba mpya na kutiwa sahihi, kisha kundi la wahandisi na waendeshaji huupitia bomba kwa bomba wakiuliza: je, mtiririko ukikosekana? Ukizidi? Ukirudi nyuma? Ndipo bomba lenyewe huchorwa kwa vipimo na kukokotolewa kani zake, hata kama litatumika kwa siku mbili tu.