Umri wa Nyota za Kilimia

Mwanadamu huishi miaka sabini au themanini. Jua limekwisha kuwaka miaka ipatayo milioni 4,600. Kwa hiyo hakuna mtaalamu awezaye kuifuata nyota moja tangu kuzaliwa hadi kufa. Hana budi kulinganisha nyota nyingi, na hapo pana kikwazo: nyota ionekanayo kung'aa sana, je, ina nguvu au iko karibu tu?

Kikwazo hicho huondoka katika makundi kama Kilimia, ambalo jina lake latokana na kulima. Macho matupu huona nyota sita hivi. Darubini huonyesha zaidi ya 1,000. Zote zilitokana na wingu moja la gesi karibu wakati mmoja, nazo ziko umbali wa miaka 440 hivi ya mwendo wa nuru. Basi tofauti ya mng'aro wao ni tofauti ya kweli.

Mwaka 1911 Ejnar Hertzsprung, Mdenmark, alichapisha michoro ya Kilimia na kundi la Hyades, akilinganisha mng'aro wa kila nyota na rangi yake. Rangi ni kipimo cha joto: uso wa nyota nyekundu una nyuzi 3,000 hivi, Jua 5,500, nyota ya buluu 10,000 na zaidi. (Mfano wa chuma cha mhunzi wafaa darasani, ingawa chuma huyeyuka kwa nyuzi 1,538, kabla hakijafikia buluu.) Nyota nyingi zilijipanga katika mstari mmoja, za buluu juu, nyekundu chini.

Huo ni mstari wa nyota zinazogeuza haidrojeni kuwa heli. Nyota yenye maada mara kumi ya Jua ina akiba mara kumi, lakini huitumia kwa kasi ya maelfu ya mara. Ndiyo itanguliayo kuishiwa. Hapo huvimba, uso wake hupoa, ikawa jitu jekundu na kuuacha mstari. Mahali mstari unapokatikia ndipo umri wa kundi husomwa. Katika Kilimia nyota za buluu zingalipo: umri wake ni miaka milioni 100 hivi. Katika kundi la M67, upande wa Saratani, karibu zote zimetoweka. Umri wake wakadiriwa miaka milioni 4,000.

Hata hivyo, katika Kilimia, kundi changa hivyo, imeonekana nyota kibete nyeupe, yaani kiini cha nyota iliyokwisha kufa, chenye maada kama ya Jua. Jua lenyewe litahitaji zaidi ya miaka milioni 10,000 tangu kuzaliwa kwake ili kufikia hali hiyo. Basi nyota hiyo ilizaliwa nzito, yakadiriwa mara tano au sita ya Jua, na sehemu kubwa ya maada yake ilitawanyika angani kabla haijafa.