Ukihama, Hama na Dawa: Kifua Kikuu na Mpangaji wa Dar es Salaam

Mpangaji wa Manzese anakohoa, sasa ni wiki ya tatu. Amemaliza chupa mbili za dawa ya kikohozi za dukani, na ya tatu kapewa na jirani. Usiku anaamka shuka limelowa jasho. Suruali aliyonunua Idi inamshuka kiunoni. Asubuhi anawahi kibaruani, maana kodi ya chumba haingoji mgonjwa. Chumbani wanalala wanne, dirisha wamelifunga kwa sababu ya mbu na wezi, na wote wanavuta hewa ileile.

Kikohozi kikifika wiki mbili ni cha kupimwa, hata kama unajua moyoni kwamba ni vumbi tu. Anayeishi na virusi vya UKIMWI asingoje hizo wiki mbili. Mtoto mdogo mara nyingi hatoi makohozi. Kwake angalia kadi ya kliniki, kama uzito umekwama au unashuka.

Kikopo

Kituoni utapewa kikopo chenye kifuniko. Toka nacho nje penye upepo, usiingie nacho chooni. Sukutua kinywa, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka kifuani. Sisi wa kituoni tunataka makohozi, ukileta mate tutakurudishia kikopo, usikasirike. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa muda usiozidi saa mbili, na huonyesha pia kama vimelea vimekuwa sugu kwa rifampicin, mojawapo ya dawa za ugonjwa huu. Foleni ya sampuli ndiyo inayoweza kukufanya urudi kesho. Kipimo ni bure, dawa ni bure.

Miezi sita ni mirefu

Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita: miwili ya dawa nne zilizounganishwa katika kidonge kimoja, kisha minne ya dawa mbili. Idadi ya vidonge hufuata uzito, ndiyo maana kila ukija unapandishwa kwenye mizani. Mkojo utageuka rangi ya chungwa. Hiyo ni rifampicin, si damu. Macho yakiwa ya njano au ukitapika mfululizo, rudi siku hiyohiyo. Mama anayetumia vidonge au kipandikizi cha uzazi wa mpango atuambie mapema, kwa kuwa rifampicin hupunguza nguvu ya njia hizo.

Baada ya wiki chache homa imekwisha na ugali unapanda. Hapo wengine huacha dawa, na vimelea vilivyobaki huweza kurudi vikiwa sugu. Hilo limesemwa sana. Lisilosemwa sana mjini kwetu ni kuhama.

Mwenye nyumba kapandisha kodi, au kazi imepatikana Kigamboni, au mgonjwa kaitwa kijijini akauguzwe na mama yake. Siku ya kliniki haonekani, simu haipatikani. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anachukua kadi na kusoma maelekezo: nyuma ya msikiti, nyumba yenye bati jekundu, uliza kwa mama wa vitumbua. Anafika, chumbani kuna mpangaji mwingine. Mama wa vitumbua anamwambia jamaa aliondoka Ijumaa, godoro juu ya bajaji, hakusema anakwenda wapi. Kwenye daftari letu mtu huyo sasa ni "amepotea", na huko alikohamia kuna chumba kingine chenye dirisha lililofungwa.

Daftari hilo si urasimu tu. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza 1977, na Dkt. Karel Styblo, aliyefanya kazi hapa nchini, alishikilia jambo moja: kila mgonjwa aandikwe, na mwisho wake ujulikane. Utaratibu uliojengwa Tanzania ulikuja kuigwa na nchi nyingi.

Basi ukitaka kuhama, pita kituoni kwanza. Utapewa fomu ya uhamisho na dawa za kukuvusha njiani. Kama umeshatumia miezi mitatu, huko uendako unaendelea na wa nne, hata kama ni kijijini. Kila wilaya ina mratibu wa kifua kikuu na ukoma. Na kama uliondoka bila kuaga, nenda kituo cha karibu na kadi au hata kopo tupu la dawa. Atakayekufokea amekosea yeye.

Waliobaki chumbani

Ulioishi nao waje wapimwe wote. Watoto wa chini ya miaka 5 na wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wakionekana hawana ugonjwa, hupewa dawa za kinga. Chanjo ya BCG humkinga mtoto na kifua kikuu kikali, lakini mtu mzima asiitegemee. Sahani usizitenge, maana ugonjwa huu haupiti kwenye ugali. Fungua dirisha mchana, jua na upepo viingie, na kwenye daladala usiogope kumwambia wa dirishani asogeze kioo.

Msimamizi wako wa dawa, anayehakikisha unameza, unamchagua mwenyewe: mke, dada, hata jirani. Na siku ya kwanza tuachie namba mbili za simu, yako na ya mtu asiyehamahama.