SOMO LA KILIMO: MKARAFUU UNAWEZA KUOTA KWETU?



Wengi wenu mmeuliza swali hili: kama punje chache za karafuu zinauzwa bei kali sokoni, kwa nini sisi hatupandi mkarafuu nyuma ya nyumba, karibu na migomba? Swali ni zuri. Lakini mti si maharagi. Maharagi yakikosa, unapoteza miezi mitatu. Mti ukikosa, unapoteza miaka saba ao nane, na nafasi ya shamba juu yake. Njo maana tumeona vema tuchunguze jambo hili pole pole katika gazeti letu, kusudi mtu asitupe nguvu zake bure.

1. KARAFUU NI NINI?

Karafuu si mbegu wala si tunda. Ni ua ambalo halijafunguka. Linachumwa lingali bado limefunga, kiisha linaanikwa juani mpaka linakauka na kuwa jeusi-jeusi. Lina kichwa na mguu, sawa na msumari mdogo. Kwa Kifaransa pia jina lake lina maana ya msumari.

Sasa mnaelewa kwa nini watu wanaotia karafuu ya dukani ndani ya udongo wanangoja bure. Wanazika ua lililokauka. Hata wakimwagilia maji mwaka mzima, haliwezi kuota. Mkarafuu unaota kwa mbegu, na mbegu inapatikana tu kama ua limeachwa juu ya mti, likafunguka, likazaa tunda dogo la rangi ya zambarau.

Wataalamu wanaita mti huu Syzygium aromaticum. Uko wa jamaa moja na mapera na mkalitusi. Ndiyo, mkalitusi huu huu tunaokata kwa kujenga na kupika! Jaribuni: vunja jani la mkalitusi, kiisha jani la mpera, unuse. Jamaa hii yote inabeba mafuta yenye harufu ndani ya majani. Kwa hiyo ndugu wa mkarafuu wako kwetu tangu zamani. Kama ndugu wanaota, je, yeye mwenyewe ataota? Tuendelee.

2. ULITOKA WAPI?

Kwao ni visiwa vya Maluku, katika nchi ya Indonesia. Katika karne ya 17 kampuni ya Waholanzi ilitaka kuuza karafuu peke yake. Iliacha mti huu katika Ambon na visiwa vya jirani tu, na mahali pengine ikaagiza mikarafuu ikatwe. Mwaka 1770 miche ilichukuliwa kwa siri kutoka Maluku na kupelekwa kisiwa cha Morisi, kazi iliyoongozwa na Mfaransa Pierre Poivre. Kutoka huko mti ulisambaa, na mwanzo wa karne ya 19 ukafika Unguja.

Sultani Seyyid Said, aliyekufa 1856, alihimiza watu wapande mikarafuu mingi. Lakini nani alipanda, nani alipalia, nani alichuma? Walikuwa watumwa waliotolewa bara. Wengine walitoka Maniema, jirani ya Walikale yetu. Tippu Tip, ambaye misafara yake ilifika Maniema na mto Kongo, alikuwa na mashamba ya mikarafuu Unguja, na alikufa kule 1905. Sheria ya kuwanyima mabwana haki juu ya watumwa ilitoka Zanzibar 1897. Basi tunapotia karafuu ndani ya chai, tukumbuke kwamba njia ile ile iliyoleta Kiswahili kwetu ilipeleka ndugu zetu kwenye mashamba ya karafuu.

Mwezi wa 4 mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba haikupigwa sana, na tangu wakati ule karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba.

3. NAMNA YA KUUPANDA NA KUUTUNZA

Watu wa pwani wanafanya hivi:

(a) Mbegu. Wanaokota matunda yaliyoiva vizuri. Wanayaloweka ndani ya maji usiku mmoja, wanatoa ganda, na wanapanda mara moja. Mbegu ya karafuu haivumilii kukauka. Ukiiweka ndani ya karatasi juma mbili tatu, imekufa. Haiwekwi akiba sawa na mahindi.

(b) Pepinyeri. Inatengenezwa chini ya kivuli, na udongo mlaini. Mbegu inafukiwa kidogo tu. Mche haupendi jua kali, na haupendi kukosa maji hata siku chache. Unakaa katika pepinyeri karibu mwaka mmoja na nusu, pengine miwili.

(c) Kuhamisha. Shimo linachimbwa mbele ya wakati, upana na kina karibu sentimeta 60. Udongo mweusi wa juu unawekwa kando moja, udongo wa chini kando ingine. Unachanganya udongo wa juu na mbolea iliyooza, kiisha unaurudisha wa kwanza, karibu na mizizi. Kati ya mti na mti kunaachwa meta 6 mpaka 8. Kazi hii inafanywa mwanzo wa mvua.

(d) Kivuli. Miaka ya kwanza mche unasimama kati ya migomba, kusudi jua lisiuchome.

(e) Maji. Mkarafuu unataka mvua nyingi, lakini maji yasisimame kwenye mizizi. Mahali pa matope unakufa.

(f) Kungoja. Maua ya kwanza yanakuja miaka 6 mpaka 8 nyuma ya kupanda. Mavuno makubwa yanaanza karibu na mwaka wa 15 ao 20. Lakini mti unaweza kuishi miaka 100. Tena hauzai sawasawa kila mwaka: mwaka mmoja unajaa, mwaka unaofuata unapumzika.

(g) Kuchuma. Vichala vinachumwa wakati maua yanaanza kuwa mekundu kidogo, mbele ya kufunguka. Ukichelewa, thamani imepotea. Watu wanachambua, karafuu upande wake, makonyo upande wake. Kiisha wanaanika juu ya majamvi siku 4 ao 5 za jua. Kilo 3 mbichi zinatoa karibu kilo 1 kavu. Basi yule anayehesabu faida yake akiangalia mti ungali na maua mabichi, anajidanganya.

4. KWETU JE?

Hapa tufanye hesabu. Mkarafuu unataka joto kati ya digrii 20 na 30, na unafaa mahali pa chini, si juu zaidi ya meta 900 ao 1000. Kanuni ya jografia inasema kila ukipanda meta 1000, joto linapungua karibu digrii 6. Tuseme kwenye bahari kuna digrii 26. Kwenye mlima wa meta 1800 tunapunguza 6 mara 1.8, ni kusema karibu 11. Inabaki karibu digrii 15. Mti wa Pemba utapata baridi, utakaa tu bila kukomaa, ama utakufa usiku wa baridi kali.

Milima yetu ya Nyamitaba ni milima ya ng'ombe, viazi na maharagi. Si milima ya karafuu. Tusidanganyane.

Kwa wenzetu wanaotoka Walikale jibu ni lingine. Walikale-kati iko chini ya meta 1000, mvua ni nyingi, joto liko. Kule mtu anaweza kujaribu mti mmoja ao miwili, kama amepata mbegu mpya kweli. Bila chombo cha kupima, tumieni alama hii: mahali ambapo mchikichi wa ngazi na kakao vinazaa vizuri, mkarafuu unaweza kujaribiwa. Mahali ambapo viazi vya kizungu na shu vinanenepa, uache.

Na kama mtu anakuja nyumbani kuuzia wazazi mche wa karafuu, mwambieni kwa heshima avunje jani moja. Jani la mkarafuu linanuka karafuu. Kama halinuki, mche si wa karafuu. Kama linanuka, bado ulizeni: ulitoka meta ngapi?

5. MTI UNAOTUFAA

Je, tuache kupanda? Hapana. Yale tuliyojifunza juu ya mkarafuu yanafaa kabisa kwa mti ambao milima yetu inaukubali: avoka. Kokwa lake pia halivumilii kukauka. Linapandwa lingali bichi, upande mpana chini, ncha juu. Linaota nyuma ya juma 4 mpaka 8. Lipande ndani ya kopo lililotobolewa chini ao ndani ya sasheti yenye udongo na mavi ya ng'ombe yaliyooza. Shimo ni lile lile la sentimeta 60, udongo wa juu kando. Mahali pa maji yanayosimama mizizi inaoza, sawa na mkarafuu. Achia meta 8 mpaka 10, na kata matawi yaliyokauka. Mti uliotoka kwenye kokwa unangojewa miaka 5 mpaka 8, pengine zaidi. Ule uliopandikizwa kwa tawi la mti unaozaa vizuri unaweza kuzaa nyuma ya miaka 3 ao 4.

Adui wa kwanza kwetu si kidudu, ni ng'ombe na mbuzi. Mche bila uzio ni chakula cha mifugo. Jenga uzio mbele ya kupanda, si nyuma.

Mkalitusi nao ni mzuri kwa mbao na kuni, lakini usiupande karibu na chemchemi, maana unakunywa maji mengi.

6. SWALI GUMU: UDONGO NI WA NANI?

Tusifiche jambo hili. Wengi kati yetu wazazi wao wanalima udongo wa kukodi, msimu mmoja ama miwili. Mwenye shamba anakubali maharagi, lakini anakataa mti. Kwa nini? Sababu mti unaokaa miaka 50 ni sawa na kusema: mahali hapa ni pangu. Hata Zanzibar ilikuwa hivyo. Wasio na ardhi waliruhusiwa kulima mihogo chini ya mikarafuu, wakipalia shamba la tajiri, lakini si kupanda miti yao. Nyuma ya mapinduzi ya 1964 serikali iliwagawia watu mashamba ya eka tatu, karibu hektari 1 na robo. Kwa hiyo shauri letu ni hili: mbele ya kuchimba shimo, mzazi asikilizane na mwenye udongo, mbele ya washuhuda, na kama inawezekana kwa maandishi. Shimo lililochimbwa bila kusikilizana limeleta ugomvi mkubwa kuliko faida ya matunda.

Tena tangu 1993 watu wa Masisi na Walikale wamekimbia vita mara mingi. Wengine wanasema: nitapanda avoka ya nani, kama kesho nitakimbia? Neno hili si la uvivu, ni la uchungu, na hatuwezi kulicheka. Lakini tusome Yeremia 29:5. Watu waliochukuliwa uhamishoni, mbali na kwao, nabii aliwaandikia wapande bustani na kula matunda yake. Na Torati 20:19 inakataza askari kukata miti ya matunda hata wakati wa kuzunguka mji wa adui. Ni kusema Mungu aliona mbele kwamba vita itapita, na watu watarudi wakiwa na njaa. Aliyepanda pengine hatakula. Lakini atakayerudi atakuta kitu, awe mtoto wake ama mtoto wa jirani.

7. KAZI YETU

Tunapendekeza kila darasa itengeneze pepinyeri moja nyuma ya masomo, chini ya kivuli. Kila mwanafunzi alete kokwa mbili mbichi za avoka na kopo moja. Wa mwaka wa kwanza watamwagilia asubuhi, wa mwaka wa pili jioni, wakubwa watajenga uzio. Miche ikifikia urefu wa goti, kila mmoja atapeleka wake nyumbani mwanzo wa mvua. Sisi wa mwaka wa sita tutakuwa tumeondoka. Si kitu, kopo zetu tunawaachia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini karafuu ya dukani haiwezi kuota?
2. Mlima una meta 2000. Kama pwani ni digrii 26, kanuni inatoa digrii ngapi? Mkarafuu utafaa?
3. Taja miti miwili ya kwetu iliyo ya jamaa ya mkarafuu.
4. Kilo 12 za karafuu mbichi zitatoa karibu kilo ngapi kavu?
5. Ulizeni nyumbani: nani alipanda mti wa zamani kuliko yote katika kiwanja chenu, na mwaka gani? Andikeni jibu, mlilete.

Bwana awabariki katika kazi ya mikono yenu.

Kwa niaba ya viongozi wa wanafunzi,
Mwaka wa sita, Nyamitaba