Dondoo muhimu: Kutoka Kilwa hadi chuo cha London

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila ukiwa mgeni ni wewe, yashike haya:

• Saa. Kipindi cha saa 8 asubuhi kwa hesabu yao ni saa 2 kwa hesabu yetu. Tofauti ni 6.

• Jua. Kwetu magharibi huingia kati ya saa 12 na saa 1 mwaka mzima. London jua la Desemba huzama kabla ya saa 10 jioni. La Juni hupita saa 3 usiku. Panga mapema swala na saumu.

• Salamu. Hakuna shikamoo, na wahadhiri wengi huitwa kwa jina la kwanza. Si utovu wa adabu. Anayekusalimu huku akipita hangoji habari za nyumbani.

• Hodi. Usimwibukie mtu nyumbani kwake. Hata chai huwekewa miadi.

• Daftari. Mwaka 1331 Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alifika Kilwa, na baadaye akasimulia aliyoyaona. Nawe andika ya wiki ya kwanza kabla macho hayajazoea.